Uliza Fundi: Waranti ya Dar, gari la Tabora

Mwezi huu barua karibu zote ni za magari ya mbio. Sijui mmeambizana, au ni pesa za tumbaku zimetoka. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye nayo amefanya jambo ambalo wengine hamfanyi: ametuma na karatasi.

Shikamoo Fundi. Nimepata Subaru Impreza WRX ya 2005 kwenye yadi moja Dar, manuali, imetembea kilomita 98,000, bei milioni 17. Wananiambia nikiongeza 950,000 wananipa waranti ya mwaka mzima ya injini na giaboksi. Picha ya karatasi yenyewe hiyo hapo. Niichukue? Na kuitunza gari kama hii kwa mwaka inakula shilingi ngapi? Mimi ni mwajiriwa, mshahara wa kawaida tu. Kijana wa Ipuli, Tabora.

Marahaba mwanangu. Karatasi yako nimeisoma usiku, kurasa zote mbili, kijana wangu wa gereji akinishikia tochi maana umeme ulikuwa umekatika. Ukurasa wa kwanza una picha ya gari na maneno matamu. Wa pili, wenye herufi za siafu, ndio waranti yenyewe.

Tuanze na kifungu cha 4. Kinasema gari lifanyiwe sevisi kila kilomita 5,000 kwenye gereji yao, Dar es Salaam, na ukikosa mara moja waranti imekufa. Sasa chukua kalamu. Kutoka hapa kwa njia ya Itigi na Manyoni hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 1,600. Yaani theluthi ya umri wa oili yako itaishia barabarani ukiipeleka ikabadilishwe. Ukirudi Ipuli umebakiwa na kilomita 4,200 hivi, na kati ya hizo lazima ubakize 800 za kurudia tena. Hapo bado mafuta, gesti, na ruhusa ya kazini.

Kifungu cha 6 kinataja visivyohusika: mikanda, klachi, breki, bushi, shokapu, mipira yote, betri, sensa, turbo, "na madhara yatokanayo na kuchakaa kwa hivyo". Hayo maneno ya mwisho yawekee mstari mwekundu. Injini ya WRX hiyo, EJ20, inazungushwa na mkanda wa taimingi, na wenyewe Japani huubadilisha kila kilomita 100,000. Gari lako lina 98,000. Mkanda huo ndio unaozungusha na pampu ya maji. Ukikatika, valvu zinapigana na pistoni, zinapinda, na hapo injini imelala. Sasa soma kifungu tena: mkanda hauhusiki, na madhara yake hayahusiki. Yaani kile kinachoelekea zaidi kuiua injini hiyo, na kwa kilomita ulizonazo kiko mlangoni, waranti ya injini imekiacha nje.

Kifungu cha 7 kinaweka kikomo cha 1,500,000 kwa dai moja. Cha 9 kinasema gari lililochemsha halina dai. Cha 11, gari lirudishwe yadini kwa gharama ya mnunuzi.

Hicho cha 11 nakijua kwa uchungu. Mwaka 2008 nilinunua Toyota Altezza Dar, ya rangi ya fedha, yenye giaboksi ya gia sita, na yadi ikanipa waranti ya miezi mitatu iliyopigwa muhuri wa bluu. Barabara ya Nzega wakati ule haikuwa na lami. Siku moja natoka Nzega naisikia giaboksi inalia kwenye gia ya tatu, sauti nyembamba kama mbu ndani ya chandarua, ukikanyaga klachi inanyamaza. Beringi hiyo. Nikiwa fundi ningeweza kuishusha mwenyewe, lakini karatasi ilisema ukigusa imekwisha. Nikawa mtiifu. Nikatafuta lori lililoshusha saruji likawa linarudi tupu, nikalipakia gari kwa mbao mbili na vijana sita, nikalilipa lori, nikapanda mbele na dereva hadi Dar. Pale yadini yule bwana akafungua faili, akahesabu kwa vidole, akaniambia waranti ilianza siku gari liliposhuka bandarini, siyo siku niliyolinunua. Imekwisha siku tisa zilizopita. Nilibadilisha beringi mwenyewe, chini ya mwembe wa shemeji yangu Temeke, kwa spea niliyoipata kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani. Kilichoniuma zaidi ni nauli ya lori, maana ilizidi bei ya beringi mara nne. Kwa hiyo hata karatasi yako iulize: mwaka unaanza lini? Nimeitafuta tarehe, sijaiona.

Sasa swali lako la pili. Nina daftari la kila gari linaloingia hapa Isevya. Kuna WRX moja ya Kiloleni, ndugu ya hiyo yako, mwenye nayo anaendesha kistaarabu. Mwaka jana, ukiacha mafuta na bima, alitumia hivi: oili na filta mara tatu, 540,000, matairi manne, 880,000, bushi na mikono ya chini, 310,000, diski na pedi za mbele, 390,000, seti nzima ya mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, 750,000. Jumla 2,870,000. Nikaweka daftari kulia na karatasi yako kushoto, nikapita mstari kwa mstari kuona waranti ingelipa nini katika hizo. Hakuna. Hata shilingi moja. Na ule haukuwa mwaka mbaya, gari halikuharibika, lilichakaa tu kama linavyochakaa gari linalotembea.

Usinielewe kwamba waranti zote ni usanii. Gari ambalo bado jipya, waranti ya kiwanda chenyewe, gereji iko mtaa wa pili, wewe lipia na ulale. Hata hii yako, mtu wa Kinondoni anaweza kuwa na hoja nayo, ingawa kile kikomo cha milioni moja na nusu hakifikii kuisuka upya EJ20 ya turbo. Lakini wewe ni wa Ipuli.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kabla ya kulipa, mtume fundi asiyejuana na yadi afungue boneti. Kwanza atafute kibandiko. Mafundi wa Kijapani wakibadilisha mkanda wa taimingi hubandika karatasi ndogo ndani ya boneti, mara nyingi kwenye kifuniko cha mkanda au hapo jirani, yenye tarehe na kilomita. Tarehe inaweza kuwa ya mwaka wa kifalme wa kwao. Akikuta 27 asidhani ni 1927. Kwa miaka ya Heisei jumlisha 1988 unapata 2015. Na kibandiko kikisema mkanda ulibadilishwa kwenye kilomita 101,000 wakati dashibodi inasoma 98,000, mwanangu, funga boneti uende nyumbani. Kilomita zimerudishwa.

Pili, apime kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, ya silinda zote nne. Injini hii imelala ubavu, plagi ziko pembeni chini karibu na chesisi, lazima atoe betri na kopo la maji ya vioo ndipo mkono upite. Fundi mvivu atakwambia plagi ni nzima bila kuzigusa. Mwambie akutumie picha ya zote nne zikiwa zimepangwa kwenye gazeti. Ncha kavu yenye rangi ya udongo wa kahawia ni sawa. Nyeusi yenye mafuta, ringi zimechoka au mafuta yanapita sehemu. Ukiona kwenye kaure nyeupe ya plagi vidoadoa vidogo vinavyong'aa kama chumvi, hiyo ni alumini ya pistoni imeanza kuyeyuka, na hapo hata ukipunguziwa milioni tano usichukue.

Vikiwa salama, rudi kwa muuzaji umwambie: waranti yako sitaki, ila nifungie seti mpya ya mkanda na pampu kabla sijaondoka, fundi wangu akiangalia. Wengi hukubali, maana kwao ni spea ya jumla na ufundi wa nyumbani. Ile 950,000 itie kwenye kibubu chake chenyewe, usiichanganye na ya ada, na kila mwezi ongeza 240,000. Mshahara ukikataa hiyo 240,000, basi tatizo halipo kwenye waranti. Tazama Impreza isiyo na turbo, kwa macho ya watu wa Ipuli ni ileile.

Na ukishafika nayo nyumbani usizime injini ukiwa umetoka kuikimbiza. Tembea polepole kilomita mbili za mwisho, au iache ingurume dakika moja au mbili, oili iipoze turbo. Kutoka Itigi unaingia Tabora na mwendo, unaona jamaa wanakunywa chai, unapaki kwa madoido na kuchomoa funguo palepale. Turbo ngapi nimezishusha kwa madoido hayo.

Shikamoo. Mume wangu alinunua Mark X ya 2006. Giaboksi imeanza kushtuka ikiingiza gia ya pili, sasa hata rivasi haishiki. Tuna bima kubwa, tumelipia bila kukosa, lakini kampuni imekataa kulipa. Tuwafanye nini? Mwalimu, Mwanga, Kigoma.

Marahaba Mwalimu. Pole, lakini hapa kampuni haijakosea. Bima kubwa ni ya ajali, moto na wizi. Kifaa kilichokufa chenyewe, kwa uchakavu au hitilafu ya ndani, huwekwa nje ya mkataba, utakuta kimeandikwa kwenye sehemu ya visivyohusika. Watu wengi wanadhani "kubwa" maana yake kila kitu. Tanzania kuna msuluhishi wa migogoro ya bima, na TIRA, wasimamizi wa kampuni za bima, wapo, lakini nauli ya kufuatilia dai hili iweke kwenye giaboksi.

Nina swali lisilo la bima. Nani aligusa oili ya giaboksi hiyo, na aliweka ipi? Giaboksi ya gia sita ya Mark X hiyo haina kijiti cha kupimia. Kipimo chake ni boliti ya chini: gari liwe tambarare, injini inanguruma, oili imefika joto lake, ndipo unafungua na kuiacha ile ya ziada itiririke hadi ianze kudondoka tone tone. Na inataka oili ya Toyota inayoitwa WS, siyo ile ya gari lolote. Asilimia kubwa ya Mark X ninazoletewa zinashtuka zimepita kwa fundi aliyetafuta kijiti, akakikosa, akakisia. Kabla hujakubali kununua giaboksi nyingine, itolewe oili iliyomo muione. Ikiwa pungufu au ya aina nyingine, wekeni sahihi kwa kipimo, mjaribu. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na ina unga wa vipande ndani, basi imekwenda, mtafute ya Japani. Na muipate ya injini hiyohiyo, namba mpige picha kwenye kibati, msimtajie muuzaji jina la gari peke yake.

Fundi, kaka yangu yuko Uingereza ana Porsche Boxster ya 2003. Anasema huko wana waranti ndefu ya Porsche wenyewe, anataka kunitumia. Waranti itafanya kazi hapa? Kasulu.

Haitafanya. Porsche huko Uingereza kweli hukatia waranti magari ya zamani, lakini mwisho ni miaka 15, na gari liwe linahudumiwa kwa utaratibu wao. La kaka yako lilishavuka zamani. Kabla hajaenda kulipia meli, ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone kodi, pamoja na ile ya uchakavu wa gari kuukuu. Kaa kwenye kiti kwanza.

Ukishatoka hapo: injini hiyo ina beringi ya shafti ya kati iliyozitoa machozi familia nyingi, Marekani ilifika hadi mahakamani. Ikivunjika haikuagi. Mwambie kaka abadilishe oili huko huko, filta ni ya karatasi, aikate, aikunjue mikunjo yote juani na kupitisha sumaku. Akiona vipande vya chuma, alitumie jirani. Na rejeta zake ziko mbele ndani ya bampa, hunasa majani. Kwa jinsi nyinyi Kasulu mlivyo na migomba na miti, mtalisafisha kuliko kuliendesha.

Mzee wangu, nimeiona Mazda RX-8 inauzwa bei ya bodaboda mbili. Nzuri hadi inatisha! Kwa nini ni rahisi hivyo? Mkulima, Urambo.

Kwa sababu mwenye nayo anajua na wewe hujajua.

Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba ya chuma inayokwangua ukuta mzunguko mzima. Ni lita 1.3 tu, na iliposhinda tuzo ya injini bora ya dunia mwaka 2003 nilishangilia kama timu yangu imefunga. Bado naipenda. Lakini sili zile ndizo injini. Zikichoka, kompresheni imekwenda, gari linagoma kuwaka likiwa la moto, na hakuna wa Tabora atakayekusukia, mimi nikiwemo.

Hata Mazda wenyewe walilijua. Marekani waliongeza waranti ya ule moyo wa injini hadi miaka 8 au maili 100,000, ambazo ni kilomita 160,000 hivi. Kiwanda hakiongezi waranti kwa ukarimu. Na RX-8 ya mwisho ilitengenezwa 2012, kwa hiyo hata waranti hiyo ilishazikwa. Anayekuuzia leo waranti ya RX-8 muulize tu atampeleka nani kuifungua.

Ukitaka bado, na naona kwenye ile alama ya mshangao kwamba unataka, mambo ni haya. Gari hili linakula oili kwa maumbile, kuna pampu inayoidondoshea ndani makusudi ili ilainishe zile sili. Hakuna kuona aibu, kijiti kivutwe kila ukijaza mafuta mara mbili, na chupa ya oili ikae kwenye buti. Pima kompresheni kwa kipimo cha injini za rota, kile cha kawaida kinakupa namba moja wakati kila rota ina nyuso tatu, unataka namba tatu kwa kila moja na zikaribiane. Muuzaji awe ameliacha limepoa, kisha uliwashe wewe, uliendeshe hadi lipate moto, ulizime, usubiri dakika kumi, uliwashe tena. Hilo la pili ndilo linalosema kweli. Akikwambia "hili huwa hatulizimi", umeshajibiwa.

Na jambo la mwisho ni la hapo uani kwako. Jua la Oktoba limepanda, gari liko juani, unaliwasha ulisogeze mita kumi hadi chini ya mwembe, unazima. Kwa Carina yako ni sawa. Kwa hili, petroli nyingi inayoingia injini ikiwa baridi imebaki imelowesha plagi, na kesho asubuhi litazungusha hadi betri ife huku watoto wa shule wamesimama wanaangalia. Ukiliwasha, liache lipate moto kwanza. La sivyo liwekwe gia huru, uite vijana wawili, mlisukume hadi kivulini.